Glavu za baiskeli kwa faranga elfu kumi

Swali limetoka kwa ndugu mmoja wa Ruashi, hapa Lubumbashi. Nimelifupisha kidogo: "Yaya, mimi ni sentineli. Kila jioni ninatoka Ruashi na kinga kwenda kulinda nyumba moja mtaa wa Golf, asubuhi ninarudi. Mfuko wangu wa bukari, tochi na redio ninautundika kwenye usukani upande wa kuume. Tangu mwezi wa tano kidole changu cha mwisho, mkono wa kuume, kinakufa ganzi, na baridi ya alfajiri inanikata mikono. Juzi nilianguka kwenye changarawe, ngozi ya kiganja ikatoka. Mjini nimeona glavu za kinga, lakini bei yake ni chakula cha nyumbani cha juma zima. Nina faranga elfu kumi. Nifanye nini?"

Kinga, kwa ndugu zetu wa Dar na Mombasa watakaosoma, ndiyo baiskeli. Bukari ni ugali, sentineli ni mlinzi, na yaya ni kaka mkubwa.

Pole sana, mdogo wangu. Nianze na kiganja chenyewe. Kama kidonda kiliingiwa na udongo na hukumbuki ulichomwa lini sindano ya pepopunda, pita kwanza kituo cha afya, ndipo upite sokoni. Vijidudu vya pepopunda vinaishi katika udongo, na kidonda kidogo kinawatosha.

Sasa glavu. Elfu kumi yako ninaamini inatosha, kwa sharti moja: acha kutafuta glavu zenye picha ya kinga. Katika mji wetu hizo zinakuja chache, wanunuzi wake ni wachache, na muuzaji anajipangia bei. Glavu za kazi ni jambo lingine. Huu ni mji wa shaba. Kutoka Kipushi mpaka Likasi na Kolwezi watu wanahitaji glavu migodini na viwandani, na mzigo unaoletwa kwa ajili yao unafika mpaka mezani kwa wauzaji wa sokoni. Kabla sijafungua karakana yangu ya kinga hapa Kamalondo, nilifanya kazi miaka tisa katika stoo ya vifaa vya usalama ya kampuni moja ya mgodi. Nilikuwa nagawa glavu asubuhi na kupokea zilizochoka jioni. Nimeona kwa macho ipi inakufa kwa juma moja na ipi inamaliza miezi mitatu kwa mtu anayebeba vyuma. Hizo zinazodumu ndizo ninazovaa mwenyewe nikipanda kinga, na sioni sababu ya kukupeleka penye bei ya juu zaidi.

Ukifika soko la Kenya au la Mzee Kabila, usiulize kwa wauza vipuri vya kinga. Nenda kwa wanaopanga buti za kazi, ovaroli na kofia ngumu, uwaambie unataka "gants de travail", yaani glavu za kazi. Usikubali ya kwanza unayopewa. Geuza glavu, tazama mgongoni karibu na kifundo cha mkono, au kwenye kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani. Utaona picha ya ngao yenye nyundo katikati, maandishi EN 388, na chini yake tarakimu nne zikifuatwa na herufi moja au mbili. Wengi wanadhani ni namba ya kiwanda. Ni maksi za mtihani wa Ulaya wa glavu za kazi, na EN 388 ndilo jina lake. Tarakimu ya kwanza ni ya msuguano, ya pili ya kukatwa, ya tatu ya kuchanika, ya nne ya kutobolewa. Mahali penye herufi X maana yake mtihani huo haukufanywa, si kwamba glavu ilianguka.

Kwa mpanda kinga, tarakimu ya kwanza ndiyo ninayoitazama. Ukianguka barabarani kiganja hakikatwi na wembe wala hakitobolewi na msumari. Kinasagwa. Na mtihani wa msuguano ni huo huo: kipande cha glavu kinasuguliwa kwa msasa mpaka kitoboke. Kikivumilia mizunguko 100 kinapata 1, mizunguko 500 kinapata 2, mizunguko 2,000 kinapata 3, mizunguko 8,000 kinapata 4, na hapo ndipo juu kabisa. Angalia pengo lilivyo. Kutoka 2 kwenda 4 ni mara kumi na sita, lakini mezani glavu hizo mbili unaweza kuzikuta zimelala pamoja kwa bei zinazokaribiana, kwa kuwa muuzaji naye hasomi ile ngao. Ukikuta 4131X, shika. Ukikuta 3121X, bado ni glavu nzuri kwako. Inayoanza na 1, rudisha hata kama ni nene na inapendeza.

Ngao inaweza kuchapwa na yeyote, kwa hiyo mkono wako nao ufanye mtihani. Kunja kiganja cha glavu mara tano sita kwa nguvu, kisha kinyooshe mbele ya mwanga. Ule utando wa mpira ukionyesha nyufa nyeupe, hautafika mwezi. Sugua kwa ukucha wa kidole gumba. Ukibanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, iache. Vuta kidole kimoja kimoja uone kama mshono wa ncha unafunguka. Muuzaji akikuzuia kujaribu, wako wengine mbele.

Kuhusu aina, nitasema upesi. Zile za nyuzi nyembamba zilizopakwa utando mwembamba kiganjani na kwenye vidole, mgongo wake ukabaki wazi, ndizo ninazokushauri. Utando wa poliyurethani, wa kijivu au mweusi, ni mwepesi na unakuacha usikie breki vizuri. Wa nitrili hauogopi mafuta ya mnyororo. Wa lateksi, ule wenye mikunjo kama ngozi ya embe lililonyauka, unashika vizuri sana wakati wa mvua, ila mkono unachemka ndani, na wapo watu ambao ngozi yao haipatani nao. Glavu nyeupe za pamba zenye vidoto vya plastiki ni za bei ya chini kabisa na zinanyonya jasho, lakini changarawe inazimaliza kwa anguko moja. Za ngozi nene za wachomelea vyuma zinaokoa mkono na kukupotezea breki. Utachelewa kuifikia, na ukichelewa umekwisha kugonga.

Usinunue pia za mazoezi ya kunyanyua vyuma, hata zikiwa na vidole vifupi kama za waendesha kinga wa Ulaya. Mto wake umewekwa chini ya vidole, mahali chuma kinapolala. Uzito wa mpanda kinga unakaa chini zaidi, karibu na kifundo.

Katika mitumba mara moja moja inatokea glavu ya kinga halisi. Utaitambua kwa kitambaa kama cha taulo kilichoshonwa mgongoni mwa kidole gumba, cha kufutia jasho, na kwa vimto vya kiganjani. Bonyeza vile vimto. Vikirudi polepole ni vizima. Vikiwa vigumu kama sabuni iliyokauka, au vikibaki na shimo la kidole chako, povu limekufa na unanunua jina. Hakikisha pia ni jozi kweli, na kwamba kufuli yake ya kunata bado inashika.

Kipimo kinaharibu ununuzi mwingi kuliko bei. Chukua uzi, uzungushe kiganja mahali pa vifundo vya ngumi, kidole gumba kikae nje, kisha upime ule uzi kwa rula. Milimita 178 ni saizi 7, 203 ni 8, 229 ni 9, 254 ni 10, na namba hiyo huandikwa kwenye glavu ya kazi yenyewe. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, chukua ndogo kama ni ya nyuzi, maana itavutika. Kubwa ni mbaya kwa kinga: kitambaa kinachozidi kinajikunja kiganjani, na ule mkunjo unakubonyeza kilomita zote za safari. Ukiwa sokoni, shika kitu cha duara, hata mpini wa jembe la jirani yake, kana kwamba ni usukani, uone kama kiganjani kuna mkunjo. Kisha panua vidole. Pale kati ya kidole gumba na cha shahada pasivute.

Ninasisitiza jambo la msuguano kwa sababu nililijua kwa mwili. Mwaka ule nilipofungua karakana, nilianguka barabara ya Kasenga wakati wa kiangazi, mikono mitupu. Tairi la mbele lilipanda changarawe pembeni ya lami, nikatupa mikono mbele kama anavyofanya kila mwanadamu. Usiku mke wangu alikaa na sindano na taa, akitoa vijiwe vyekundu kimoja kimoja kiganjani mwangu, na kila kimoja alikiweka kwenye sahani. Majuma mawili sikuweza kukaza spana, na fundi asiyeweza kukaza spana hana chakula. Mwaka uliofuata nilianguka tena, mahali si mbali na pale, nikiwa na glavu ya namba 4. Utando ulichubuka wote upande wa chini ya kidole gumba, nyuzi zikaonekana. Ngozi yangu ilikuwa nyekundu, na kesho yake nilifungua karakana. Glavu ile ninayo bado, imetundikwa ukutani juu ya meza ya kazi, na mteja akiniuliza kwa nini ninamsumbua na habari za glavu ninamshushia aishike.

Sasa ganzi. Hapa ninakuomba uvumilie kidogo, maana glavu peke yake haitaiponya, hata ungenunua ile ya mjini.

Umesema ni kidole cha mwisho. Mshipa wa fahamu unaohudumia kidole hicho, pamoja na nusu ya jirani yake, ni ule ule unaopiga kama umeme ukigonga kiwiko kwenye meza. Unashuka mpaka kifundo cha mkono na kuingia kiganjani upande wa kidole cha mwisho, katika kijia chembamba karibu na kifupa kidogo cha mviringo ambacho unaweza kukigusa sasa hivi. Pale nyama ni kidogo. Ukilaza uzito wa kifua pale juu ya chuma, barabara yenye mashimo ikagonga gonga saa nzima, mshipa unabanwa na kidole kinalala. Kingekuwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, ningekuambia ni mshipa mwingine, unaopita katikati ya kifundo.

Kwa hiyo swali la kweli ni kwa nini mikono yako inabeba uzito mwingi hivyo. Na wewe mwenyewe umeniandikia bila kujua: mfuko unautundika kwenye usukani upande wa kuume, na kidole kinachokufa ni cha kuume. Bila kuiona kinga yako siwezi kuapa, lakini ningeanzia hapo. Usukani wenye mzigo upande mmoja unataka kugeuka, na mkono wa upande ule unaukaza njia nzima ili kinga iende sawa. Leo hii hamisha bukari na redio kwenye keria ya nyuma, uzifunge kwa mpira wa ndani uliochakaa. Hilo halina bei.

Kisha tazama kiti. Kikiinamisha pua chini, mwili unateleza mbele na mikono ndiyo inayouzuia. Chukua chupa ya plastiki iliyojaa maji nusu, ilaze juu ya ubao ulionyooka uliokaa kuanzia nyuma ya kiti mpaka puani, uangalie maji yanakimbilia wapi. Yakienda mbele, legeza nati ya chini ya kiti na ukiinue pua mpaka maji yatulie. Mimi nina kipimo cha mafundi wa ujenzi karakanani, lakini chupa inasema kweli ile ile.

Usukani nao pengine uko chini mno. Kwenye kinga zetu hizi ndefu nyeusi, legeza boliti iliyo juu katikati, igonge taratibu kwa kipande cha ubao, na usukani utapanda. Weka usawa wa kiti au juu yake kidogo. Ila kwenye ile bomba la usukani kuna alama ya mistari, au maandishi yanayoonyesha mwisho wa kupandisha. Alama hiyo lazima ibaki imezama ndani. Nimeona usukani uliopandishwa kupita alama ukichomoka mikononi mwa mtu mwenye gunia mbili za makala, yaani makaa ya kupikia, sitaki uwe wewe.

Mto, kama unautaka, uweke kwenye usukani na si ndani ya glavu. Watu wanadhani glavu nene zaidi ndiyo bora zaidi. Ukishika kitu kinene unakaza zaidi ili usikipoteze, mkono unachoka mpaka kwenye kiwiko, na mto ukikaa vibaya unakibonyeza kile kijia cha mshipa badala ya kukiepusha. Ondoa ule mpira wa zamani wa usukani. Ukigoma, ingiza maji ya sabuni chini yake kwa bisibisi nyembamba. Kabla hujautupa, utazame. Mahali uling'aa na kuwa laini ndipo uzito wako ulipokaa miezi yote hii. Chukua mpira wa ndani usiozibika tena, fundi yeyote atakupa au kukuuzia kwa kitu kidogo, uukate ukanda wa upana wa vidole viwili, uuzungushe ukiuvuta, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliopita. Mizunguko miwili juu ya mahali pale palipong'aa, mmoja kwingine. Malizia kwa uzi wa kushonea viatu. Na upepo wa tairi la mbele usijazwe mpaka liwe jiwe. Kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kaa chini yake kidogo kwa barabara kama ya Ruashi.

Ukiwa njiani, kunja viwiko kidogo, na kila ukivuka njia panda badilisha mahali pa kushika. Ukifanya haya yote na baada ya majuma mawili kidole bado kimelala hata siku usiyopanda kinga, au ukaona ufunguo unakuponyoka, au karatasi uliyoibana kati ya vidole inachomoka kirahisi, nenda kwa daktari. Mshipa ukibanwa muda mrefu, nguvu ya mkono inapungua, na kuirudisha ni kazi ndefu.

Baridi ndiyo rahisi kuliko yote. Mwezi wa sita na wa saba alfajiri ya Lubumbashi si mchezo, ninajua. Nunua glavu za kazi kwa saizi moja juu ya kipimo chako, ndani uvae zile za pamba nyembamba za bei ya chini. Hapa sheria yangu ya kutochukua kubwa inabadilika, maana nafasi imejazwa na pamba na hakuna mkunjo. Kisha kata soksi za zamani, uvae lile bomba la juu kwenye vifundo vya mikono, likiziba pengo kati ya glavu na mkono wa koti. Damu inayokwenda vidoleni inapita pale karibu na ngozi. Ukipafunika, vidole vinapata joto. Bei ya jozi hizo mbili sikuandikii, kwa sababu inafuata dola na dola haikai mahali pamoja. Ila jiwekee mpaka: ya kazi isizidi nusu ya elfu kumi yako. Muuzaji akipita hapo, shukuru, endelea na meza nyingine.

Ukitaka kukata vidole wakati wa joto, kata kwenye kifundo cha kati na upeleke kwa fundi wa cherehani siku hiyo hiyo apige mshono wa zigizaga ukingoni. Bila mshono nyuzi zinafumuka mpaka kiganjani. Kuziba kwa moto wa kiberiti kunafaa kwa nailoni na poliesta, si kwa pamba, na ukingo unabaki mgumu, unakwaruza. Mimi ninaacha vidole vyote, kwa sababu ncha za vidole nazo zinafika chini mtu akianguka.

Zifue kwa sabuni ya kawaida na maji baridi kila Jumapili, chumvi ya jasho inazikausha na kuzifanya ngumu. Anika kivulini. Usizikaushe juu ya babula, jiko la makaa, hata kama zamu inakaribia: utando unapata nyufa, na ule unga unaotoka ukizivaa ni glavu yako inayokwisha.

Baada ya majuma mawili zivue, uzilaze mezani viganja juu, ya kuume kando ya ya kushoto. Zikiwa zimechakaa sawasawa, kinga yako imekaa vizuri. Ya kuume ikiwa imelika zaidi upande wa kidole cha mwisho, bado kuna kitu kwenye kiti au usukani. Njoo nayo hapa Kamalondo, na glavu zenyewe uzilete, tuanze kuzisoma hizo kabla ya kugusa spana.